Kipimo cha Jana

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu saa nane mchana, sasa yamebaki manyunyu. Nimekaa jikoni kwangu Remera, chai imepoa mezani na sijaigusa.

Leo sina nguvu ya kupamba maneno. Wachache mnaopita hapa bloguni mmezoea nikiandika habari za mapishi, za utoto wangu Karagwe, za jinsi Kinyarwanda changu kinavyowachekesha majirani. Leo naandika kwa sababu nisipoandika nitaanza kujidanganya, na wiki hii nimeona jinsi ilivyo rahisi.

Bi Asha amefariki. Hilo si jina lake, na majina mengine yote humu nimeyabadilisha. Yaliyotokea sikuyabadilisha.

Ni mimi niliyempa dawa ya usingizi.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji akiwa macho, mimi namlaza, namlinda muda wote ambao hajijui, kisha namrudisha. Nimeifanya miaka kumi na moja. Nimelaza watu wengi kiasi kwamba nikikutana nao sokoni wananisalimia kwa furaha nami nawaitikia bila kujua ni nani. Sura ya Bi Asha sitaisahau.

Nilimkuta wodini jioni ya kuamkia siku ya upasuaji wake. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Muhima, mama mzee, mwembamba, mwenye mdomo mwepesi. Alikuja kutolewa mawe ya nyongo. Niliposema neno la kwanza la Kiswahili alijiinua kitandani akaketi.

"Wewe umekulia Tanzania," akasema. "Kiswahili cha hapa hakisemwi hivyo."

Nikamwambia ndiyo, nimekulia Karagwe, wazazi wangu walirudi huku kwao nikiwa tayari msichana mkubwa. Akanieleza kwamba kwao Kiswahili ni cha nyumbani, tangu babu ya baba yake alipokuja kutoka pwani na biashara ya nguo akaoa huku. Nilikuwa na wagonjwa wengine wa kuona, lakini nilikaa naye karibu saa nzima. Alilishika pindo la gauni langu, akaligeuza, akatikisa kichwa. "Aliyekushonea hili alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Nilicheka. Mumewe, Mzee Rajabu, aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki pembeni na mkoba wa mkewe mapajani, naye akacheka.

Kisha Bi Asha akaliachia pindo. Akaniuliza, "Nikishalala, nani atajua kama bado nipo?"

"Mimi," nikamjibu. "Sitabanduka pembeni yako."

Na kweli sikubanduka. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nilikuwa pale pale.

Aliogopa kuliko alivyotaka kuonyesha. Mikono ilikuwa ya baridi, mapigo yanakimbia. Kwa hiyo niliandika apewe dawa ndogo ya kutuliza asubuhi, wodini, kabla hajaletwa kwangu. Ni jambo la kawaida. Mtu mwenye hofu kali anahangaika, moyo unapanda, na dawa ya kumlaza inabidi iwe nyingi zaidi. Ukimtuliza kwanza, anakuja amelegea, na kipimo kinapungua.

Mwalimu wetu chuoni alitueleza hili kwa namna ambayo sikuisahau, au nilidhani sikuisahau. Alisema dawa ya kutuliza inaanza kazi ambayo dawa ya usingizi inakuja kuimalizia. Kwa hiyo kabla ya kusukuma sindano ya pili, lazima ujue ya kwanza imefika wapi. Hasa kwa mzee. Damu ya mzee inazunguka polepole. Unatia dawa, huoni kitu, unadhani haikutosha, unaongeza, kumbe ile ya mwanzo bado iko njiani. Mzee apewe kidogo, halafu usubiri. Umtazame. Umwite jina.

Yote haya nayajua. Nimewafundisha wanafunzi.

Jioni ile nikapiga hesabu yangu kwenye karatasi. Uzito wake, umri wake, na kwamba atakuwa amepewa dawa ya kutuliza mara moja. Nikapunguza kipimo inavyotakiwa. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa kwa mwanamke niliyezungumza naye jioni ile.

Asubuhi mambo yakageuka. Bi Asha alikuwa wa kwanza kwenye orodha, na saa mbili akapewa ile dawa ya kutuliza. Kabla hajaletwa, ikaja dharura ya mama mjamzito, tukampasua yeye kwanza. Mtoto akatoka salama, mama yake salama. Lakini Bi Asha akabaki wodini kwa muda wa karibu saa mbili akingoja. Dawa ikaanza kumtoka na hofu ikamrudia. Akalia. Alilia kwa sauti, nimeambiwa, hata wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kumwombea.

Nesi wa zamu, Divine, msichana mwenye huruma sana, akampigia daktari wa wodi simu. Daktari akaruhusu aongezewe. Divine akaongeza, na akaandika: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, na jina lake. Aliandika kwa mwandiko unaosomeka.

Ulikuwa ukurasa wa tatu wa faili.

Mimi sikufika ukurasa wa tatu.

Walipomleta mlangoni nilimuuliza Divine, "Amepewa ya kutuliza?"

"Yego, amepewa. Iko sawa."

Nilimuuliza kama amepewa. Sikuuliza mara ngapi, wala ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Divine alijibu nilichoulizwa... nilichomuuliza, nataka kusema. Naandika ovyo. Sifuti.

Tulikuwa tumechelewa. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshavaa, anazunguka zunguka. Bi Asha alikuwa amelala machela macho nusu, kidevu kimeshuka. Jana yake hakuacha kuongea, na leo nilimwita mara mbili ndipo akafungua macho. Na mimi, jamani, nilifurahi. Nilijisemea moyoni, afadhali, hofu imemtoka.

Mwili wake ulikuwa unaniambia kila kitu nilichohitaji kujua. Nilikuwa nimeshika karatasi ya jana.

Nikasukuma kipimo nilichokiandika. Na nilikisukuma haraka kuliko ninavyowafundisha wengine.

Sitaeleza dakika zilizofuata kwa urefu. Aliacha kupumua, na hilo nilikuwa nimejiandaa nalo, nikampumulisha. Lakini presha ikashuka, nikatia dawa ya kuipandisha, ikaendelea kushuka. Mapigo yakawa ya mbali mbali. Kisha mstari kwenye mashine ukalala. Tukambonyeza kifua, kwa zamu, mimi na daktari. Mbavu zake nilizisikia chini ya viganja vyangu. Moyo ukarudi. Wote mle ndani tukashusha pumzi, mtu mmoja akasema "Mungu ni mwema."

Bi Asha mwenyewe hakurudi. Alikaa chumba cha wagonjwa mahututi siku tatu bila kufungua macho, na ya nne, baada ya adhuhuri, akafa. Walimzika siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama. Sikwenda. Nilijiambia kwamba ni zamu yangu. Haikuwa zamu yangu.

Ukurasa wa tatu niliuona jioni ya siku ile ya upasuaji, nilipokaa kuandika maelezo. Niliusoma nimesimama. Kisha nikakaa chini, sakafuni, mgongo umeegemea kabati la mashuka, hadi mtu wa usafi akaja kuniuliza kama naumwa.

Sasa niandike kuhusu Alhamisi, kwa sababu siipendi sura niliyokuwa nayo siku hiyo.

Mkuu wetu aliniita ofisini. Si mtu mbaya. Aliniagizia chai, akanipa pole kama nimefiwa mimi. Kisha akanisogezea karatasi aliyokwisha kuiandaa, nisome nitie sahihi. Ilisema moyo wa mgonjwa haukuhimili dawa za usingizi kutokana na umri wake.

"Hakuna uongo hapo," akaniambia. "Soma neno kwa neno."

Nilisoma neno kwa neno. Ni kweli, hapakuwa na uongo. Umri wake ulikuwa mkubwa. Moyo wake haukuhimili.

"Familia imepokea," akaendelea. "Wamesema ni mpango wa Mungu. Dada, ukianza kuchimba, utamponya nani? Utajichoma wewe, utatuchoma na sisi."

Nikamwambia nitafikiri. Nikaichukua ile karatasi nikaiweka kwenye mkoba. Nataka iandikwe hapa kwamba sikukataa. Nilishuka ngazi nikiwa nahisi wepesi, kama mtu aliyeahirishiwa jambo, na nilikuwa nimekaribia kabisa kuamini kwamba ni umri.

Divine alinisubiri chini, karibu na chumba cha kubadilishia nguo. Macho yalikuwa yamevimba.

"Chef," akasema, maana ndivyo wanavyowaita wakubwa wa kazi hapa, "wanasema ni mimi niliua ule mama, ule mukecuru. Wanasema nilimwongeza dawa mingi. Niliona analia, nilimwonea huruma tu. Ni ukweli? Ni mimi?"

Kumbe habari imekwisha kutembea. Mimi nikiwa nimenyamaza, watu wamekwisha kupata pa kuiweka.

Nilimshika mabega. Nikamwambia, "Hapana. Wewe uliandika. Kusoma ilikuwa kazi yangu, na sikusoma. Dawa yako haikumuua. Kilichomuua ni mimi kutoijua."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Divine alinitazama. Akaondoka akijifuta macho kwa mkono wa sare yake. Sikulala vizuri usiku ule, na asubuhi nilijua ni lazima niende Muhima.

Leo ilikuwa umuganda, asubuhi ya kazi za pamoja mtaani ambayo kila kitu kinasimama. Nilifyeka majani ya mtaroni na majirani, nikachapa kazi kuliko siku zote, hata mama wa nyumba ya tatu akaniuliza nani ameniudhi. Magari yaliporuhusiwa kurudi barabarani, nilioga, nikavaa gauni refu na mtandio, nikachukua pikipiki. Njiani nilikuwa napanga maneno. Tulipofika nilikuwa nimeyasahau yote.

Mzee Rajabu anaishi nyuma ya duka dogo walilokuwa wakishonea. Alikuwa peke yake, kanzu nyeupe, redio imezimwa. Alinifungulia mwenyewe, na alipoona ni mimi uso wake ulilainika. Sikutegemea hilo.

"Karibu, mwanangu. Umefanya vizuri kuja," akasema. "Nilikuwa nawaambia watu, yule dada alikaa na Asha mpaka mwisho. Mungu akulipe."

Nilitamani aishie hapo. Nilitamani nimpe pole, ninywe maji yake, niondoke nikiwa yule dada anayemsema.

Nikamwambia, "Mzee, sikuja kwa pole tu. Nimekuja kukuambia kilichotokea."

Nikamweleza, bila maneno ya hospitali. Kwamba mkewe alipewa dawa ya kutuliza mara mbili. Kwamba mtu aliyekwisha kutulizwa kiasi hicho, tena wa umri wake, anahitaji dawa ya usingizi kidogo sana, na apewe taratibu. Kwamba mimi nilijua ya mara moja tu, kwa sababu sikusoma faili mpaka mwisho. Kwamba nilimwona amesinzia mno, nikadhani ni jambo jema. Kwamba nilimpa nyingi na nilimpa haraka.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza nikasikia watu wakibishana bei nje dukani kwa jirani. Kisha akauliza, polepole:

"Hiyo dawa ya pili. Ni ile nesi alimpa akiwa analia?"

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyemwomba." Akainua uso. "Yule mtoto alikuwa hataki. Alisema tungoje. Nikamwambia, mama yako huyu, humwonei huruma? Nikamsihi mpaka akapiga simu. Basi ni mimi."

Sikuwa nimelijua hilo. Naapa sikuwa nimelijua. Divine hakunitajia, hata pale alipokuwa analia hakumtupia lawama mzee wa watu. Na mimi nilikuwa nimekuja kutua mzigo wangu, na sasa nauona mbele yangu unapanda juu ya mabega ya mtu mwingine.

Nilipiga magoti.

"Hapana, Mzee. Nisikilize vizuri. Mkeo alikuwa na hofu, wewe ukaomba asaidiwe. Ile dawa ilikuwa halali yake, na yule nesi aliitoa inavyotakiwa na akaiandika. Hata alivyopewa mara mbili, kama mimi ningejua, ningempa ya usingizi kidogo tu na angekuwa hapa anakusumbua. Waliomsaidia hawana kosa. Kosa liko kwa aliyetakiwa kujua. Ni mimi peke yangu."

Sijui kama aliamini. Namwomba Mungu mzee aamini. Nitamrudia hata mara kumi kumwambia maneno hayo hayo.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia kabisa. "Alisema nini mwisho?"

Ningeweza kumpa kitu. Ningesema alikutaja. Ningesema alitamka shahada. Nani angenipinga? Mtu mwenye huruma pengine angesema hivyo, na sijui bado kama nilichofanya kilikuwa ukweli au ukatili.

"Hakusema," nikamjibu. "Alikuwa amesinzia sana. Midomo ilitikisika kidogo. Nilidhani ni hofu kidogo iliyobaki, nikamwambia, pumua tu, mama."

Hapo ndipo alipolia. Alilia bila kujificha, mikono imelala mapajani, machozi yanashuka hadi kwenye ndevu. "Asha," akasema. "Asha asiyenyamaza." Sikumgusa. Sikuona kama nina haki ya kumgusa. Nami nililia, nikijaribu kutosikika.

Baadaye akajifuta, akasema, "Siwezi kukuambia nimekusamehe."

"Sikuja kuomba hilo leo."

"Umeyaandika haya mahali? Kazini?"

Nikamwambia kuna karatasi nyingine inayongoja sahihi yangu. Nikaitoa mkobani, nikamsomea. Umri. Moyo haukuhimili. Aliisikiliza mpaka mwisho, akarudia maneno mawili, "Umri wake," kama mtu anayeonja kitu kilichochacha.

"Asubuhi ile alitembea mwenyewe hadi msalani," akasema. "Niandikie ya kweli. Binti yangu anakuja kutoka Kampala. Anauliza mama alikufaje, na mimi nimekuwa namjibu kwamba sijui."

Akaniomba nimwachie namba ya simu, kisha akaniambia niende. Hakunisindikiza mlangoni. Sikustahili kusindikizwa.

Mvua ilinikuta kwenye mteremko kabla sijapata pikipiki. Nilitembea tu.

Nilipofika nyumbani nilimtumia Divine ujumbe kwamba nimezungumza na mzee, na kwamba Jumatatu nitasema mbele ya wote nilichomwambia Alhamisi. Amejibu neno moja, "Ihangane." Maana yake vumilia, na ndilo neno wanalopeana watu hapa kwenye misiba. Nililisoma mara nyingi.

Kisha nikakaa hapa jikoni nikaandika maelezo yangu mwenyewe, kurasa mbili. Saa ya dawa ya kwanza. Saa ya dawa ya pili. Nilichouliza na nisichouliza. Hali aliyokuwa nayo alipoletwa. Kiasi nilichompa, na kwa kasi gani. Nimeyaandika kwa lugha ambayo binti yake ataielewa bila kumuuliza mtu. Jumatatu saa mbili nitayapeleka ofisini kwa mkuu. Nitamwomba pia kwamba kuanzia sasa karatasi ya dawa za wodini iwe juu kabisa ya faili, na kwamba mgonjwa akicheleweshwa, mwenye kumlaza aende kumwona upya na kupiga hesabu upya. Pengine atanisikiliza. Pengine ndiyo itakuwa siku yangu ya mwisho pale. Nimejaribu kujiuliza kama naogopa, na naona kweli naogopa sana.

Naogopa pia siku nitakayosimama tena kichwani pa mgonjwa na bomba la sindano mkononi. Kama siku hiyo ipo.

Saa kumi na mbili kasoro, nikiwa naandika haya, simu ililia. Ujumbe kutoka namba nisiyoijua, wa Kiswahili kilichonyooka, usio na salamu:

"Binti amefika. Nimemwambia. Anataka kukusikia mwenyewe. Njoo Jumanne baada ya alasiri, na hiyo karatasi ya kweli. Uje peke yako. Rajabu."

Nimejibu kwamba nitakuja.